Ukimdhamini mwenzako Jebel, deni ni lako pia

Na Mwandishi Wetu

Si kila mzigo unaoshushwa katika Soko la Jebel, magharibi mwa Juba, hulipwa papo hapo. Unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na saruji kutoka Uganda na Kenya hutolewa mara nyingi kwa mali kauli: mwenye duka anachukua leo, atalipa akishauza. Pale mwenye mzigo anaposita, hutokea mtu wa tatu, awe ndugu, jirani wa duka, wakala au tajiri wa soko, akasema: "Mpe, mimi namdhamini."

Maneno hayo machache ndiyo yanayofanya turubai la lori lifunguliwe. Ndiyo pia yanayozua ugomvi miezi mitatu baadaye, mnunuzi anapokuwa hapatikani kwa simu na mdhamini anadai kuwa alikuwa anamsaidia tu mwenzake.

Je, ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine inaweza kudaiwa kisheria? Jibu ni ndiyo, katika nchi zote ambazo mzigo wa Juba hupitia. Hata hivyo, dhamana hupata nguvu au hupoteza nguvu siku ile ile inapotolewa, kutegemea kama imeandikwa, kama imetaja kiasi na sarafu, na kama mdhamini ana mali inayofikika. Atakayeanza kuuliza maswali hayo baada ya kukosa fedha zake atakuwa amechelewa.

DHAMANA NI NINI

Katika dhamana kuna watu watatu: mdai, ambaye ni mwenye mzigo, mdaiwa, ambaye ni aliyechukua mzigo, na mdhamini, anayeahidi kulipa iwapo mdaiwa atashindwa. Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, kwa hiyo hata mfanyabiashara wa Juba asiyejua Kiswahili hulitambua likitajwa.

Ni lazima kutofautisha ahadi mbili zinazofanana. Ya kwanza ni: "Asipolipa yeye, nitalipa mimi." Hiyo ni dhamana. Ya pili ni: "Mpe mzigo, mimi ndiye nitakayekulipa." Hapo msemaji si mdhamini, yeye mwenyewe ndiye mnunuzi, na aliyebeba magunia ni mpokeaji tu.

Tofauti hiyo si ya leo. Mahakama ya Uingereza iliijadili mwaka 1704 katika kesi ya Birkmyr na Darnell, na hadi sasa mawakili wa nchi zilizorithi sheria za Kiingereza huitumia. Faida yake kwa mfanyabiashara ni kwamba dhamana mara nyingi hudai maandishi, ilhali ahadi ya mnunuzi halisi huweza kuthibitishwa kwa njia nyingine, kama vile mashahidi, stakabadhi au malipo ya awali. Kwa hiyo wakili atakachouliza kwanza ni nani aliandikwa kwenye ankara. Ankara ikiwa na jina la mwenye duka, yule tajiri aliyesimama pembeni atahesabiwa kuwa mdhamini tu, na pasipo karatasi huenda asihesabiwe kabisa.

KILA NCHI NA SHARTI LAKE

Mzigo wa Jebel huvuka mipaka, na sheria hubadilika kila lori linapovuka.

Kenya, kifungu cha 3 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kinazuia kumshitaki mtu kwa ahadi ya kujibu deni la mwingine isipokuwa kuna maandishi yaliyotiwa saini na huyo anayedaiwa au mtu aliyemruhusu. Sharti hilo lilitokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1677, iliyotungwa kuzuia watu kubambikiwa madeni kwa ushahidi wa uongo.

Uganda, Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 nayo inasema wazi kuwa mkataba wa dhamana sharti uwe wa maandishi.

Tanzania Bara ni tofauti. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 78, inakubali dhamana ya mdomo au ya maandishi. Lakini anayedai dhamana ya mdomo ndiye mwenye kazi ya kuithibitisha, na shahidi wa sokoni leo yupo, kesho amehamia Wau au Kampala.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako wafanyabiashara wa Aru na Ariwara huingia Sudan Kusini kwa njia ya Kaya na Yei, inafuata mfumo mwingine. Nchi hiyo ilijiunga na umoja wa sheria za biashara wa OHADA mwaka 2012. Chini ya sheria ya OHADA ya mwaka 2010 kuhusu dhamana, mdhamini hutakiwa kuandika kwa mkono wake mwenyewe kiwango cha juu cha fedha anachodhamini, kwa tarakimu na kwa maneno. Karatasi iliyochapwa na kuwekwa saini tu inaweza kupingwa.

Sudan Kusini yenyewe ina Sheria ya Mikataba ya mwaka 2008, iliyotungwa wakati wa Serikali ya Kusini mwa Sudan kabla ya uhuru wa Julai 2011. Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya nchi. Hivyo hati itakayofikishwa mbele ya jaji wa Juba inafaa iwe ya Kiingereza, hata kama makubaliano yalifanywa kwa Kiswahili au Kiarabu cha Juba. Asomewe mdhamini kwa lugha anayoielewa, na aliyetafsiri aandike jina lake na kuweka saini, ili pasiwepo mwanya wa kusema "sikujua nilichosaini."

Kwa kuwa si rahisi kujua kesi itaishia nchi gani, kanuni ya usalama ni moja: andika kwa namna itakayokubalika katika nchi yenye masharti magumu zaidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

MDAI AANZE NA NANI?

Wadhamini wengi huamini kuwa mdai hana budi kumfuata mdaiwa kwanza, amshitaki, auze mali yake, ndipo awafikie wao. Sivyo ilivyo. Chini ya sheria za Uganda na Tanzania, wajibu wa mdhamini unalingana na wa mdaiwa, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Mdaiwa akishindwa kulipa tarehe iliyopangwa, mdai anaweza kumfuata mdhamini moja kwa moja. Anaweza pia kuwashitaki wote wawili pamoja, na hiyo ndiyo njia inayopendelewa na mawakili kwa sababu inaziba mchezo wa kutupiana mpira.

Kabla ya kwenda mahakamani, mdai ampelekee mdhamini barua ya madai. Barua itaje kiasi kilichobaki, tarehe malipo yalipotakiwa na siku za mwisho za kulipa. Mikataba mingi ya dhamana huweka sharti kwamba mdhamini atalipa "akidaiwa", na bila barua hiyo kesi inaweza kuonekana imefunguliwa mapema. Barua ipelekwe kwa mkono na nakala isainiwe kuwa imepokelewa.

Muda nao una mwisho. Kenya, Uganda na Tanzania, kesi ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6. Miaka 6 ni mingi kwa kusikia, lakini kwa anayeahidiwa kila mwezi kuwa "fedha zinakuja" huisha haraka.

Mdhamini aliyelipa naye hakuachwa mikono mitupu. Akishalipa huvaa viatu vya mdai: anaweza kumdai mdaiwa kila alicholipa, na ana haki ya kupewa rehani yoyote ambayo mdai alikuwa ameishika. Kama wadhamini ni wawili au watatu, aliyelipa zaidi ya fungu lake anaweza kuwadai wenzake wachangie.

YANAYOMFUNGUA MDHAMINI

Hapa ndipo wafanyabiashara wazuri hupoteza haki yao bila kujua. Mdhamini alikubali deni fulani, kwa masharti fulani. Mdai akibadilisha masharti hayo na mdaiwa bila kumshirikisha mdhamini, mdhamini anaweza kuwa huru.

Chukua mfano. Mwenye lori kutoka Arua anashusha katoni 400 za mafuta ya kupikia kwa duka la Jebel, malipo siku 30, na jirani anadhamini kwa maandishi. Siku ya 30 mwenye duka anaomba miezi minne zaidi, na wanakubaliana bei iongezwe kidogo kwa kila katoni. Jirani haambiwi. Miezi minne ikipita bila malipo, jirani ana hoja nzito mbele ya mahakama: deni analodaiwa si lile alilolidhamini.

Kumvumilia tu mdaiwa kwa kutomshitaki haraka, bila makubaliano mapya, kwa kawaida hakumfungui mdhamini. Kinachomfungua ni mkataba mpya wa kuongeza muda, kupunguza deni, kumsamehe mdaiwa, au kupoteza rehani iliyokuwepo. Dawa yake ni rahisi: kila mabadiliko yasainiwe na watu watatu, si wawili.

Aidha, dhamana ya mzigo mmoja si dhamana ya mizigo yote. Kama mnakusudia biashara ya kila mwezi, hati iseme kuwa ni dhamana endelevu na itaje kikomo cha fedha. Mdhamini wa dhamana endelevu naye anaweza kuisitisha kwa mizigo ijayo kwa kutoa taarifa, ingawa kwa mizigo iliyokwisha kuchukuliwa atabaki kudaiwa.

SARAFU GANI?

Juba imewafundisha wafanyabiashara somo hili kwa uchungu. Baada ya uhuru, bei rasmi ya dola moja ilikuwa chini kidogo ya pauni 3 za Sudan Kusini. Desemba 2015 serikali iliiachia sarafu ielee, na dola ikaruka hadi zaidi ya pauni 18 mara moja. Aliyekuwa anadai pauni 300,000 alikuwa anadai takriban dola 100,000 kwa bei rasmi. Baada ya tangazo hilo alikuwa anadai dola zisizozidi 17,000. Tangu hapo pauni imeendelea kushuka.

Kwa hiyo dhamana isiyotaja sarafu ni ugomvi unaosubiri siku. Hati itaje kama deni ni la dola, shilingi ya Uganda au pauni. Ikiwa malipo yataruhusiwa kwa pauni, itaje bei ya kubadilishia itakuwa ya siku gani: ya siku ya kupokea mzigo, au ya siku ya kulipa. Mdhamini naye asome mstari huo mara mbili, kwani ndio unaoweza kuzidisha deni lake.

UGANDA ILIPOBEBA DENI LA JUBA

Mfano mkubwa wa ahadi ya kulipa deni la mwingine katika biashara hii haukutoka kwa mwenye duka bali kwa serikali. Makampuni ya Uganda yaliuza nafaka na bidhaa nyingine kwa serikali ya Juba, miaka ikapita bila kulipwa. Baadhi yalikuwa yamekopa benki ili kununua mzigo, na riba haikusubiri Juba ilipe.

Mwishoni mwa mwaka 2016 serikali za Uganda na Sudan Kusini zilikubaliana kuwa Uganda iwalipe wafanyabiashara wake, na Sudan Kusini iirejeshee Uganda baadaye kama mkopo. Makampuni 10 ya kwanza yalihusu madai ya zaidi ya dola milioni 41. Malipo yalifanywa kwa awamu kupitia bajeti, na wafanyabiashara wengine ambao hawakuwa katika orodha ya kwanza walianza safari ya kudai nao waingizwe. Baadaye Bunge la Uganda liliunda kamati teule kuchunguza malipo hayo.

Kuna mafunzo matatu hapo kwa muuzaji wa Jebel. Kwanza, ahadi humlinda yule tu aliyetajwa ndani yake. Aliye nje ya orodha hana cha kushika ila malalamiko. Pili, hata mdhamini mwenye uwezo hulipa deni lililohakikiwa, yaani lenye mkataba, ankara na hati ya kupokelewa kwa mzigo. Tatu, mdhamini akilipa deni halifi. Linahama tu, na sasa Uganda ndiyo yenye kuidai Juba.

HUKUMU BILA MALI NI KARATASI

Tuseme umeshinda kesi. Swali linalofuata ni: mali ya mdhamini iko wapi? Hukumu hutekelezwa mahali mali ilipo.

Mdhamini mwenye duka, nyumba na magari Juba, mshitaki Juba. Hukumu ya Nairobi dhidi yake itakuwa na safari ndefu. Kadhalika, hukumu ya Juba haiwezi kusajiliwa tu Nairobi. Sheria ya Kenya ya kutambua hukumu za nje, Sura ya 43, ina orodha ya nchi zinazonufaika, zikiwemo Uganda, Tanzania, Rwanda, Zambia na Uingereza. Sudan Kusini haimo. Mwenye hukumu ya Juba atalazimika kufungua kesi mpya Kenya, akiitumia hukumu hiyo kama msingi wa madai.

Njia nyingine ni usuluhishi. Sudan Kusini ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Kifungu cha 32 cha Mkataba wa Jumuiya kinaruhusu wafanyabiashara kuandika katika mkataba wao kuwa mgogoro utasuluhishwa na Mahakama ya Afrika Mashariki yenye makao yake Arusha. Ni njia inayofaa mikataba mikubwa. Kwa katoni 400 za mafuta, mdhamini mwenye mali karibu ni bora kuliko kifungu chochote.

Mdai asisahau pia kuwa mali inaweza kutoweka. Mapigano ya Julai 2016 yalifika hadi Jebel, na uporaji uliofuata haukubagua. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoteza zaidi ya tani 4,500 za chakula katika ghala lake kuu la Juba. Mdaiwa aliyeporwa duka bado ana deni, na mdhamini wake pia, lakini wa kulipa huenda asiwe na kitu. Ndiyo maana mdhamini mwenye mali yote katika soko lile lile na mdaiwa ni kinga nusu tu.

DEREVA SI MDHAMINI

Wasafirishaji wana hatari ya pekee. Dereva hutakiwa kusaini karatasi mpakani Nimule, getini au sokoni. Akisaini jina lake pekee chini ya maneno ya kuahidi malipo, anaweza kudaiwa yeye binafsi. Aandike daima "kwa niaba ya" na jina la kampuni, na asisaini ahadi ya malipo bila kumpigia tajiri wake simu.

Suala hili linagusa uhuru wa mtu. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2012 kuhusu magereza ya Sudan Kusini, lilieleza kuwepo kwa watu waliofungwa kwa kushindwa kulipa madeni, na wengine waliozuiliwa badala ya ndugu zao. Hiyo si dhamana. Hakuna anayekuwa mdhamini kwa kuwa ndugu, mwajiriwa au mwenyeji wa mdaiwa. Mdhamini ni aliyeahidi mwenyewe. Mwaka 2024 Sudan Kusini ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza mkataba. Aliyeshikiliwa kwa deni lisilo lake ajulishe mara moja ubalozi wake na wakili, na asisaini ahadi yoyote ili aachiwe kabla ya kuwasiliana nao.

Kwa upande mwingine, wasafirishaji wanaijua dhamana kwa jina la bondi. Mzigo wa Juba unaopita Kenya na Uganda bila kulipiwa ushuru huwekewa bondi, na kampuni ya bima ndiyo inayoahidi forodha kuwa ushuru utalipwa iwapo mzigo utauzwa njiani. Bima ikilipa humgeukia wakala wa forodha, naye humgeukia mwenye lori. Ni sheria ile ile: aliyelipa deni la mwingine hulifuata kwa mwenyewe.

KABLA YA KUFUNGUA TURUBAI

Mfanyabiashara anayetoa mzigo kwa dhamana ahakikishe yafuatayo:

1. Hati ya dhamana imesainiwa kabla ya mzigo kushushwa. Ahadi ya baada ya deni kuwepo inaweza kupingwa kuwa mdhamini hakupata chochote kwa ajili yake.

2. Hati inataja majina kamili ya watu watatu, namba za vitambulisho, mahali wanapofanyia biashara na simu zao.

3. Mdhamini ameandika kwa mkono wake kiasi cha juu, kwa tarakimu na maneno, pamoja na sarafu.

4. Tarehe ya malipo imetajwa, na imesemwa wazi kama dhamana ni ya mzigo mmoja au endelevu.

5. Mashahidi wawili wasio ndugu wa upande wowote wamesaini.

6. Mali ya mdhamini imeonekana kwa macho, na karatasi za umiliki zimekaguliwa. Ikiwezekana ashike rehani.

7. Sheria na mahakama itakayotumika imetajwa.

8. Ankara, hati ya makabidhiano na kila risiti ya malipo kidogo kidogo vimehifadhiwa pamoja na hati ya dhamana, na picha zake zimewekwa kwenye simu.

Kwa mzigo mkubwa, ada ya wakili wa Juba kuipitia hati hiyo ni ndogo kuliko hasara ya lori moja.

Na wewe unayeombwa kudhamini, jiulize swali moja kabla ya kushika kalamu: kama mwenzako asipolipa hata senti, je, unaweza kulilipa deni lote peke yako na duka lako likabaki wazi? Kama huwezi, mwambie hivyo akiwa bado mbele yako na mzigo ukiwa bado juu ya lori. Atakasirika kidogo, lakini ninyi wawili mtabaki bila kesi.